Jino linauma na daktari naogopa: ning'oe au nitibu mzizi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nina miaka 29, nimezaliwa Maji ya Chai ila sa hivi nakaa Usa River, nauza vipodozi. Gego langu la chini kulia limetoboka tangu mwaka jana, nikawa naweka karafuu na kunywa diklofenaki linatulia maisha yanaendelea, ila mwezi huu limenishinda. Usiku ndo balaa, nikilala tu linaanza kupwita, na nikinywa maji ya baridi linabaki linauma hata baada ya kumeza. Nikajikaza nikaenda Arusha mjini kupiga eksirei, daktari akasema uozo umefika kwenye neva ila mizizi na mfupa viko vizuri, kwahiyo nichague kuua neva na kuziba mzizi kisha niweke kofia (ganda gumu la kufunika jino lote juu), au ning'oe. Nikamwambia nitarudi, sijarudi.

Nina sababu. Nikiwa darasa la tatu nilishikwa na watu wazima wawili nikang'olewa jino kabla ganzi haijashika, nilisikia kila kitu. Mpaka leo nikisikia ile harufu ya chumba cha meno mikono inatoka jasho. Alafu meno yangu yana ile kahawia ya maji ya kwetu, naona aibu hata kufungua mdomo mbele ya daktari. Shangazi anasema ng'oa yaishe, kuna mtu wa kanisani kwao alitibu mzizi wakamchokonoa wee mwishoni likang'olewa vilevile. Na kwenye magrupu ya wasap inazunguka klipu kwamba jino lililouliwa neva linaleta kansa. Nisaidie dokta, kila nikifikiria kile kiti nasema kesho.

Mwenye jino, Usa River

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, jino la usiku linamtesa mtu akiwa peke yake wenzake wote wamelala.

Naanza na jambo ambalo shangazi hajakwambia. Kung'oa na kutibu mzizi vyote vinaanza na sindano ileile, ganzi ileile, kiti kilekile. Kwahiyo ukichagua kung'oa kwa sababu ya woga, woga wenyewe hujaukwepa, utakaa nao palepale. Ndo maana naomba tuyatenganishe haya mambo mawili, woga tuushughulikie kama woga na jino tuliamulie kwa hali ya jino, maana ukiacha woga uchague unaweza kupoteza gego zuri ambalo ungetafunia miaka mingi.

Tuanze na woga maana ndo unaokuzuia kurudi. Ulichofanyiwa darasa la tatu hakikuwa sawa, mtoto kushikwa kwa nguvu na jino kuvutwa ganzi haijashika ni kosa la waliokuwa wanakuhudumia, wewe hukuwa mwoga wala mdekaji, mwili wako ulijifunza kwamba chumba kile kina hatari na unaendelea kukukumbusha. Ila nataka ujue na sababu ya ganzi kugoma, itakusaidia. Sehemu yenye uvimbe inakuwa na tindikali zaidi kuliko kawaida na ganzi ikifika pale inapungua nguvu, na magego ya chini ndo sumbufu zaidi kwa sababu mfupa wake ni mzito, inabidi sindano ipigwe nyuma kabisa ya taya kwenye njia ya neva kubwa. Ikipigwa pale kisha mtu akakimbilia koleo bila kusubiri, mgonjwa anasikia. Daktari makini anasubiri dakika 10 mpaka 15, anakuuliza kama mdomo wa chini upande ule umekufa wote mpaka katikati ya kidevu, kisha analijaribu jino lenyewe kwa kitu cha baridi kabla hajagusa mashine. Kama bado unasikia anaongeza, kuna sindano ya pembeni mwa jino kabisa, na kuna ya kwenye neva yenyewe ambayo inauma sekunde chache kisha kimya. Kwahiyo "ganzi haijashika" leo hii ina dawa, usikubali mtu akwambie vumilia kidogo.

Ukifika, kabla hujalaza kichwa, mwambie yote uliyoniandikia mimi, yaani hivohivo, nilishikwa nikang'olewa bila ganzi, naogopa. Ukishindwa kusema andika kwenye simu umwonyeshe. Mkubaliane alama, ukinyanyua mkono wa kushoto anasimama papo hapo, na umjaribu mapema hata kama huumwi, ukiona kweli amesimama mwili unaanza kulegea wenyewe. Nenda asubuhi usikae na hofu siku nzima, kula kabla (ganzi ya kawaida haitaki njaa, na wengi wanaozimia kwenye kiti hawajala), nenda na mtu unayemwamini. Ukisikia moyo unakwenda mbio baada ya sindano usidhani unakufa, ganzi nyingi zinachanganywa na adrenalini kidogo ili zikae muda mrefu na hiyo inapiga moyo kwa dakika chache kisha inapoa. Na kama unaweza, siku ya kwanza omba maongezi tu, bila kutibiwa. Kwa watu wenye woga mzito kama wako kuna dawa ya kutuliza, lakini iandikwe na daktari na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani, usijinunulie duka la dawa.

Kuhusu rangi ya meno yako, mdogo wangu, wewe umezaliwa Maji ya Chai! Kila daktari wa meno aliyefanya kazi Arusha ameyaona meno hayo, kuanzia Ngaramtoni mpaka kwenu huko, ni floraidi ya kwenye maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja na vyanzo vingi vya ukanda huo vinapita hapo mbali, ukijumlisha na magadi tunayopikia maharage na makande ndo kabisa. Inaingia jino likiwa bado linaumbika utotoni, haihusiani na kutopiga mswaki, na wala rangi ile peke yake siyo uozo. Huna cha kuonea aibu hapo. Ila mwambie daktari aliangalie kwa jicho lingine moja, kwamba floraidi ikiwa kali ganda la jino linakatika kirahisi na kujaza kwa kawaida kunaweza kusishike vizuri, kwahiyo kwako kofia ina maana zaidi kuliko kwa mtu aliyekulia sehemu nyingine.

Haya, jino sasa. Kupwita usiku na baridi kubaki inauma baada ya kumeza maana yake neva imevimba ndani ya chumba kigumu ambacho hakitanuki, na ikifika hapo hairudi nyuma. Amoksilini na metronidazoli hazitaitibu, antibiotiki ni pale kuna uvimbe unaosambaa au homa. Karafuu kweli inatuliza, ina eujenoli ambayo hata sisi tunaitumia, ila usimwagie mafuta yake kwenye ufizi yataunguza. Diklofenaki kila siku inachoma tumbo na figo. Na ikitokea likaacha kuuma lenyewe ghafla usifurahi, mara nyingi neva imekufa na wadudu wanaendelea kushuka kwenye mzizi kimyakimya mpaka siku linavimba usaha.

Kutibu mzizi ni hivi. Ganzi ikishika, jino linafunikwa shuka la mpira ili mate yasiingie na dawa isikushukie kooni (kama hana hilo shuka uliza kwanini), linatobolewa juu, neva iliyooza inatolewa kwa visindano vyembamba vya kuzungusha. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili ila njia za ndani mara nyingi ni tatu, wakati mwingine nne, zote zinasafishwa na kuoshwa na dawa ya jamii ya klorini, kisha zinajazwa kitu laini cha asili ya utomvu wa mti. Inaisha mara moja au mara mbili tatu, kila kikao saa moja au zaidi mdomo wazi. Siku mbili tatu baadae likigongwa linauma kidogo, kawaida. Huyo wa kanisani kwa shangazi inawezekana njia moja ilibaki bila kusafishwa, au jino lilikuwa na ufa, au hakuweka kofia likapasuka, hayo yanatokea kweli sitakuficha. Ila likifanywa vizuri na likafunikwa vizuri, zaidi ya meno 8 kwenye 10 yanaendelea kukaa salama baada ya miaka.

Ile klipu ya kansa ni hadithi ya zamani. Miaka ya 1910 na 1920 Marekani kulikuwa na daktari wa meno Weston Price aliyedai meno yaliyotibiwa mzizi yanasambaza magonjwa mwilini, watu wakang'olewa meno hovyo, baadae waliorudia majaribio yake kwa uangalifu zaidi hawakupata alichodai na wazo lile likaachwa. Hakuna ushahidi kwamba jino hilo linaleta kansa.

Kung'oa nako sio dhambi. Ingekuwa gego la mwisho kabisa lisilo na kazi, au lina ufa mpaka mzizini, au limeoza hadi chini ya mfupa, au linacheza kwa ugonjwa wa fizi, ningekwambia ling'oe usipoteze hela. Lako siyo hivo, daktari amekwambia mizizi na mfupa viko vizuri, na magego makubwa kama hilo ndo yanayobeba kazi ya kutafuna. Ukiling'oa, la nyuma linaanza kulala kuja mbele, la juu linashuka kutafuta mwenzake, mfupa unasinyaa zaidi ndani ya mwaka wa kwanza, na ukija kutaka la kupandikiza au daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani) utalipa kuliko ambavyo ungelipa sasa hivi.

Kwahiyo mimi kwa umri wako na hali ya jino lako nasema litibu. Lakini kwa sharti moja na hapa naomba unisikilize: litibu kama unaweza kumaliza, mpaka kofia. Jino lililoanzwa likaachwa na dawa ya muda miezi mingi linavuja, linaoza upya, linapasuka, unakuwa umelipa mara mbili na umeogopa mara mbili. Kwahiyo kabla ya kuanza uliza jumla yote kwa pamoja, mzizi na kujaza na kofia, waulize kama unaweza kulipa kidogokidogo, na kama una bima wapigie ujue wanalipia kipi. Ukipiga hesabu ukaona kweli haiwezekani, basi ng'oa kwa ganzi iliyoshika, kwa amani, hiyo ni sababu halali kabisa na wala usijilaumu. Vituo vingi vidogo kazi yao kubwa ni kung'oa, kutibu mizizi ya gego tafuta sehemu yenye daktari anayeifanya mara kwa mara na eksirei palepale, muulize amefanya magego ya chini mangapi karibuni, daktari mzuri hakasiriki kuulizwa.

Jambo moja lisilosubiri woga: ukivimba chini ya taya au shingoni, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, ukapata homa au pumzi ikawa nzito, usinitumie ujumbe tena, nenda hospitali usiku huohuo, iliyo karibu nawe au ya rufaa ya Mount Meru pale Arusha mjini. Usaha wa jino la chini ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa.

SWALI: Dokta habari za kazi. Naendesha boda Pasua hapa Moshi. Mi nimeng'oa gego juzi, siku ya kwanza lilikuwa poa ila leo maumivu yamerudi makali kuliko mwanzo yanapanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Jumamosi tuna harusi ya dada, naweza kunywa mbege kidogo nikapunguza maumivu?

Boda wa Pasua

JIBU: Nzuri kaka, pole na hongera ya harusi. Maumivu yanayorudi siku ya pili mpaka ya nne baada ya kung'oa, yakapanda sikioni na harufu mbaya, mara nyingi ni lile donge la damu limetoka kwenye shimo mfupa ukabaki wazi. Linatoka kwa kuvuta sigara, kusukutua kwa nguvu siku ileile, kunyonya soda kwa mrija au kuchokonoa na ulimi. Rudi leo kwa aliyekung'oa, atasafisha na kuweka dawa ndani ya shimo na watu wengi wanapata nafuu ndani ya saa chache, usikae nayo mpaka Jumamosi. Sasa hivi unaruhusiwa kusukutua taratibu maji vuguvugu na chumvi baada ya kula, ila siku ya kwanza ya kung'oa huwa haturuhusu kabisa.

Mbege acha, na sigara acha, kidonda hakitafunga. Na kama umeandikiwa metronidazoli pombe ndo usiiguse kabisa mpaka umalize dozi, tena uvuke siku kadhaa mbele, inaweza kukutapisha na kukupiga kichwa pale harusini. Kunywa mtori upoe kwanza, tafunia upande wa pili.