Upara wa kovu: dawa mpya zinazolenga ishara za uvimbe, na kipande cha ngozi kinachoamua

Nina miaka 43, nakaa Katuba, Lubumbashi. Tangu miaka mitatu utosi wangu uko wazi, unang'aa, na jioni unaniwasha. Nimeacha kudefriza, nimeacha meshi, lakini upara unaendelea kupanuka. Mdogo wangu aliye Ubelgiji anasema kuna vidonge vipya vinavyorudisha nywele. Je, ni kweli? (Mama N.)

Ni kweli, Mama N., ila huenda si kwa ugonjwa wako. Vidonge anavyovisikia mdogo wako ni vya jamii ya vizuia-JAK, yaani dawa zinazofunga vimeng'enya vinavyopitisha ishara za uvimbe mwilini: baricitinib iliidhinishwa Marekani mwaka 2022 na ritlecitinib mwaka 2023, zote kwa upara wa mabaka. Huo hushambulia kitako cha kifuko cha unywele, chini kabisa, na kuziacha seli mama (zile zinazozaa unywele upya) zilizo juu yake. Ni kama kuchuma sombe: majani yameondoka, shina linachipua tena. Upara wa kovu unazishambulia seli mama zenyewe, kisha kovu linajaa mahali pake. Hapo lililoungua ni shina.

Upara unaoanzia utosini na kuenea kwa duara, ngozi ikabaki laini bila vitundu, mara nyingi ni aina ya upara wa kovu ambayo madaktari huiandika CCCA kwa kifupi. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti waligundua kwamba karibu robo ya wanawake waliowapima walikuwa na hitilafu kwenye jeni PADI3, inayosaidia kuunda unywele. Kwa hiyo usijilaumu kwa meshi peke yake, ingawa kuvuta nywele kunachochea moto ambao tayari unawaka.

Vizuia-JAK vinajaribiwa kwa upara wa kovu pia. Mfano mmoja ni brepocitinib, inayofunga vimeng'enya viwili, TYK2 na JAK1, vinavyopitisha ishara za uvimbe. Ilijaribiwa New York kwa aina tatu za upara wa kovu, CCCA ikiwemo, kundi moja likipewa dawa na jingine kidonge kisicho na dawa ndani. Ugumu uko kwenye kupima. Kwa upara wa mabaka unahesabu asilimia ya kichwa iliyofunikwa tena, basi. Kwa upara wa kovu hesabu hiyo inadanganya, maana palipokwisha kufa hapataota hata dawa ikifanya kazi vizuri. Ndiyo maana watafiti wanatazama mwasho, maumivu, wekundu, mpaka wa upara kama umesogea, na vipande vya ngozi vya kabla na baada. Dawa iliyozuia upara usisogee imefaulu, hata kama kioo hakionyeshi kitu kipya. Mtu akikuahidi utosi kujaa tena, achana naye.

Wakati huo huo usikae bure. Matibabu ya kawaida ni klobetasoli ya 0.05% ya kupaka, triamsinoloni ya kuchoma kwenye ukingo wa upara kila wiki 4 hadi 6, na mara nyingi doksisiklini. Sindano ichomwe pembeni palipo na uvimbe, kiasi cha 0.1 ml kila sentimita moja. Ikichomwa katikati penye kovu inapotea bure, na ikiwa kali mno ngozi inabonyea.

Mama yangu ana sukari na anakunywa metformini ya 850. Nimesikia inaotesha nywele. Naweza kugawana naye? (Dada wa Kampemba)

Usigawane. Habari uliyosikia ina msingi: mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha habari za wanawake 12 wenye CCCA waliokunywa metformini ya 500 mg mara moja kwa siku, kwa miezi 6 au zaidi. Nusu yao, yaani 6, nywele ziliota kiasi, na kwenye ngozi jeni zinazotengeneza kovu zilipungua. Lakini ni watu 12 tu, bila kundi la kulinganisha. Daktari akikubali kukupa, apime kwanza kreatinini, kwa sababu figo dhaifu na metformini havipatani. Inywe pamoja na chakula, la sivyo tumbo litakusumbua. Na vidonge vya mama viwe vya mama.

Munganga wa ngozi anataka kukata kipande cha kichwa changu. Naogopa, tena naona ni gharama ya bure. (Mama wa Kamalondo)

Mama, hiyo ndiyo pesa isiyopotea katika safari hii yote, kama kipande kitakatwa vizuri. Hakuna jaribio la maana litakalokupokea bila jina kamili la ugonjwa. Lupusi ya ngozi, likeni na CCCA vinafanana kwa macho, na dawa zake ni tofauti.

Fungua misuko yote na uoshe kichwa siku moja kabla. Usipake mafuta wala rangi nyeusi. Kipande kichukuliwe ukingoni, mahali penye mwasho ambapo nywele bado zipo. Kosa la kawaida ni kukata katikati panapong'aa: anapati (maabara inayochunguza vipande vya mwili) itajibu "kovu", nawe ulikuwa unalijua. Kisu cha duara kiwe cha milimita 4, kiingie kwa mshazari ule ule wa nywele, hadi kwenye mafuta ya chini, kwa maana vitako vya nywele viko huko. Vipande viwili ni bora, kimoja kikatwe maabara kwa mlalo na kingine kwa wima. Viwekwe mara moja kwenye formalini ya 10%, si serumu (maji ya chumvi ya hospitali). Kwenye serumu vinaharibika kabla ya kufika. Uzi unatolewa baada ya siku 7 hadi 10.

Rafiki anaweza kuniletea tofacitinib kutoka nje bila karatasi ya daktari. Nianze? (Bwana K., mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Hapana. Tofacitinib nayo ni kizuia-JAK, na dawa hizi zinalegeza ulinzi wa mwili, na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye kifua kikuu kingi duniani. Kikiwa kimelala mwilini, kinaamka. Kabla ya kidonge cha kwanza: radio ya kifua na kipimo cha kifua kikuu, hepatiti B na C, VVU, hemogramu, ini, mafuta ya damu, na mimba kwa wanawake. Mwaka 2021 Marekani iliamuru tahadhari nzito iandikwe juu ya moyo, damu kuganda, saratani na vifo. Zona (mkanda wa jeshi) pia huja mara nyingi zaidi.

Kama unaitwa kwenye jaribio, uliza namba yake ya usajili na karatasi ya kamati ya maadili. Uliza nani analipa ukiumia, na kama unaweza kutoka siku yoyote. Anayekudai pesa ya dawa inayojaribiwa anauza dawa, hajaribu.

Nywele za kisogoni kwa wateja wangu zinatoa vipele vigumu. Ni ugonjwa huo huo? (Kinyozi, Kamalondo)

Ni ndugu yake, nao huacha kovu. Acha wembe kisogoni, mashine ibakize milimita kadhaa, na meno yake yaoshwe kwa alkoli kati ya mteja na mteja. Vipele vikianza kuungana kuwa uvimbe, mtume mteja kwa daktari wa ngozi, usivitumbue.