Shoneni Majina Yenu Kwenye Pindo

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Wete kaniandikia: "Shikamoo bi mkubwa. Na sisi tunataka kutarizi kitambaa cha mji wetu kama chenu. Tuanzie wapi?" Marahaba, mwanangu. Siku nne sikukujibu, maana umenigusa kidonda.

Tulikuwa wanawake 11, wengi washonaji kofia, na kitambaa cha mita 3. Tulikipanga kama kanga: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Kwenye mji tukaweka mji wenyewe, Mji Mkongwe wetu wa Unguja, na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, na vyungu vyake, maana kabla ya kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 alikuwa muuza vyungu.

Milango ndiyo iliyotutoa jasho. Mlango wa zamani wa Kiarabu juu umenyooka. Ule wa Kihindi umepinda kama upinde. Mimi nilichora yote iliyopinda, kwa kuwa inapendeza. Mzee wetu mmoja wa Mwembetanga akatazama, akaniuliza, "Wewe umekulia mji gani?" Nikafumua. Misumari ya shaba akaishona yeye mwenyewe, kwa mshono ule ule wa vitundu vya kofia, kila kitundu kimezungushiwa uzi mpaka kingo zikatuna. Ukipapasa, utasema mlango.

Kisha tukagombana juu ya Beit-el-Ajaib. Mimi nilitaka ishonwe nzima, na mnara wake wa saa. Wenzangu wakasema sehemu kubwa ya jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa, sasa tunamdanganya nani? Tukanuniana siku mbili. Mwisho tukaipiga bandi tu, mshono wa muda, kwa uzi mweusi, isubiri kama inavyosubiri yenyewe.

Siku ya maonyesho nilivaa buibui jipya. Nafika, chini ya kitambaa pana kikaratasi, kimeandikwa jina la aliyetoa pesa za nyuzi. Sisi tumeandikwa "wanawake wa mtaani". Watu wanapiga picha, nami nimesimama pembeni kama mlinzi.

Basi sikiliza. Kitambaa kifueni kabla ya kushona, na nyuzi mzijaribu kwa maji. Wetu mwekundu ulichuja mpaka kwenye uso wa Siti. Msigawane vipande kila mtu akashonee kwake. Mkono wa huyu unakaza, wa yule unalegeza, mkija kuunganisha kitambaa kinavutana. Na majina. Shoneni majina yenu kwenye pindo kabla ya ua la kwanza. Msinione nina kiburi. Sisi tunashona kofia miezi, mwanamme anaivaa Idi, nani anauliza kashona nani? Tumezoea kuambiwa kazi ya mkono ni ya kupitishia wakati, na wenyewe tunaitikia! Amkeni, wanangu. Akija mtu akasema majina yanaharibu pambo, mtazameni lake kaliandika wapi. Majina, nasema tena.

Kitambaa kimerudi, kimo kabatini mwangu, na karafuu za kwenu Pemba ndani ya mikunjo. Juzi yule mzee wa Mwembetanga alikuja na miwani yake, akakaa barzani, akashona herufi tatu za jina lake chini ya mlango. Ya nne giza likamuwahi. Kasema atarudi Jumapili, nimuwekee uzi wa kijani.