Ukisoma hadithi ya mapinduzi, tafuta mwandishi alikokengeuka

Vijana ninaosoma nao vitabu Jumamosi jioni hapa Mwanjelwa wana mazoea waliyotoka nayo shuleni. Mpe mmoja Shamba la Wanyama cha George Orwell, hadithi ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba kisha wakatawaliwa na nguruwe, na kabla hajafika mbali ameshachora jedwali: nguruwe Napoleon ni Stalin, mtawala wa Urusi, nguruwe Snowball ni Trotsky, mpinzani wake, farasi Boxer ni wafanyakazi, kunguru Moses ni kanisa. Ni kama swali la kuoanisha Fungu A na Fungu B. Akimaliza anafunga kitabu, anaomba chai.

Jedwali lenyewe halina ubaya. Kitabu kilitoka 1945 na Orwell hakuficha kwamba alikuwa anailenga Urusi. Ila jedwali litakuonyesha alichonakili tu. Ukitaka kujua anasema nini, andika matukio ya kweli kwenye karatasi, tarehe kwa tarehe, usome hadithi ukiwa nayo mkononi, na kila zinapoachana uweke alama.

Anza na Lenin. Ndiye aliyewaongoza Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, kutwaa madaraka 1917, akafa Januari 1924. Shambani hayupo. Mzee Major, nguruwe mwenye ndoto ya maasi, anakufa kabla hayajatokea, kwa hiyo yuko karibu zaidi na Karl Marx, mwasisi wa fikra za ukomunisti aliyefariki 1883, ingawa fuvu lake linalowekwa hadharani linakukumbusha mwili wa Lenin uliohifadhiwa Moscow. Kwa nini mtu mzito hivyo aachwe nje? Binti mmoja wa kidato cha sita alisema Orwell alimwonea haya. Mimi naona kinyume chake: wanyama wamenyimwa nafasi ya kusema mambo yalikuwa mazuri mpaka fulani alipofariki. Maziwa yanatoweka siku moja tu baada ya kumfukuza Bwana Jones, mwenye shamba, na baadaye matufaha (watu wa Njombe mtaelewa uchungu wake) yanakuwa ya nguruwe peke yao. Orwell mwenyewe aliandika katika barua kwamba hapo ndipo hadithi inapogeuka, akapataja Kronstadt. Huko ndiko mabaharia walikoasi 1921 na Wabolsheviki wakawazima kwa bunduki. Lenin alikuwa hai.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo mno. Kinu cha upepo kinapolipuliwa, rasimu ilisema wanyama wote, pamoja na Napoleon, walijitupa chini kifudifudi. Kabla kitabu hakijatoka Orwell aliomba isomeke "isipokuwa Napoleon", kwa sababu Stalin hakuondoka Moscow Wajerumani walipoukaribia mji 1941. Mtu aliyemchukia mtawala kiasi kile bado alimtendea haki. Jambo hilo hulioni kwenye jedwali lolote.

Na si kila fumbo lina mapinduzi fulani nyuma yake. Kusadikika cha Shaaban Robert, 1951, wengi tunakisoma kama kilio dhidi ya utawala wa kikoloni, lakini ukianza kutafuta kila waziri wa nchi ile alikuwa nani Tanganyika, utapoteza jioni nzima. Sikiliza hoja za Karama, mshtakiwa wa hadithi ile, inatosha.

Sasa sehemu ngumu. Tulipofika kwa kuku wanaovunja mayai yao wenyewe kuliko kuyatoa, nikaeleza jinsi wakulima wa Urusi walivyochinja mifugo yao kuanzia 1929 ili isiingizwe kwenye mashamba ya pamoja. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyekulia Isimani mkoani Iringa, akasema hiyo anaijua, ni ya kwao. Watu wa Iringa hawahitaji kukumbushwa: Krismasi ya 1971, wakati wa kuanzisha vijiji vya ujamaa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu.

Kitabu hakiwezi kuwa kinaizungumzia Isimani. Kiliandikwa zaidi ya miaka ishirini kabla, na hata tafsiri ya Fortunatus Kawegere ilitoka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Lakini usimkatishe msomaji kama huyu. Tenganisha mambo mawili: alicholenga mwandishi, na anachokiona msomaji. Kisha hicho cha pili kipime kwa kipimo kilekile, uone Isimani inaachana wapi na shamba la Orwell.

Tulipopima, vijana wakagundua haraka kwamba Isimani kulikuwa na wakulima wakubwa wenye matrekta na vibarua, na kuku wa Orwell hawana kibarua hata mmoja. "Basi babu, wewe ulikuwa upande wa kuku?" mmoja akauliza.

Mzee akacheka. "Trekta tungelitoa wapi, mjukuu wangu? Baba yangu alikuwa kibarua. Kijijini tulihamishwa vilevile."

Jumamosi hiyo hatukumaliza sura.