Baba Mdogo, Luteni Aliyebaki Lukaya

Nilipokuwa mtoto nilidhani baba mdogo ni picha. Ilitundikwa juu ya mlango wa sebule, nyeusi na nyeupe: kijana aliyevaa kombati, nyota moja kila bega, ametazama pembeni kidogo kama mtu aliyeitwa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, baba aliishusha, akaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, akaiweka juu ya meza na kuwasha redio. Tulisikiliza tarumbeta, tukasikia mtangazaji akieleza jinsi mkuki na ngao, sime, upinde na mishale vinavyowekwa kwenye mnara. Gwaride likiisha, picha ilirudi juu ya mlango hadi mwaka mwingine. Habari zake zilikuwa sentensi moja tu: "Kapteni alilipua kifaru peke yake, akafia Uganda."

Baba naye alipofariki, picha ikawa yangu, pamoja na sanduku la chuma lenye jina la baba mdogo kwa rangi nyeupe. Nimetumia miaka mitatu kulifuatilia jina hilo. Leo naweza kusema kwamba sentensi tuliyolelewa nayo ilikuwa na neno moja tu la kweli, yaani Uganda. Hakuwa kapteni, na hakulipua kifaru. Na mtu niliyemkuta nyuma ya sentensi ile nampenda kuliko yule wa picha.

Naandika kwa ajili yenu mlio na picha kama hiyo ukutani. Vijana waliokwenda Vita vya Kagera wakiwa na miaka ishirini sasa wanakaribia sabini. Waliobaki tunawazika kila mwaka. Ukisema utaanza mwakani, huenda mwakani ukaanza kwa kwenda matangani.

Mimi nilichelewa kulichambua sanduku, ila wewe nakushauri uanze nalo: vitu kwanza, watu baadaye. Ndani mlikuwa na brashi ya viatu iliyoisha nywele upande mmoja, shati la kiraia, barua tisa na daftari dogo la jalada jekundu. Daftari lilikuwa na majina ya watu 33, mstari mmoja kila jina, na mbele ya jina tarakimu: 8, 7, 9, 8, 8, 10. Baba aliwahi kuniambia kwamba hizo ni alama za shabaha, kwamba baba mdogo alikuwa anawapa maksi askari wake. Tuliamini hivyo.

Barua nilizipanga kwa tarehe, nikazisoma zote siku moja bila kuruka. Fanya hivyo hata kama unazijua, kwa sababu barua moja moja ni salamu tu, ila zikifuatana zinakuwa safari. Ya kwanza ni ya Novemba 1978, siku chache baada ya Mwalimu Nyerere kulihutubia taifa tarehe 2 na kusema kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba mdogo aliandika: "Mmemsikia Mwalimu. Basi Krismasi msinisubiri." Ya Januari ina mistari minne tu, na mmoja unasema "tumevuka". Ndio wakati majeshi yetu yalipoichukua Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda. Ya mwisho ni ya tarehe 28 Februari 1979, siku nne baada ya Masaka kuanguka. Haina neno la vita. Anauliza kama bati za nyumba ya mama zimefika, na kama zimepigwa misumari yenye kofia, kwa maana mwaka uliotangulia upepo uliondoka na paa. Mwishoni, kama jambo la kupita tu, anasema amepandishwa cheo na sasa ni luteni.

Hapo ndipo nilipojua kosa langu. Kwa miezi saba nilikuwa natafuta kapteni. Niliandika barua, niliuliza wastaafu, nilipiga simu kwa watu niliopewa namba zao, na wote walijibu kwamba kapteni wa jina hilo hawamjui. Walikuwa wanasema kweli. Nyota moja ya kwenye picha ni luteni usu, alivyotoka Monduli, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi. Mbili ni luteni, na tatu ndiyo kapteni. Sisi nyumbani tulimpandisha wenyewe, polepole, msiba baada ya msiba, kwa mapenzi. Nakuomba usiguse cheo cha marehemu. Cheo, namba ya jeshi na kikosi ndivyo vitakavyokufikisha kwa watu waliolala naye handaki moja, na ukikosea kimoja mlango huuoni.

Kuhusu hao watu, familia nyingi hukimbilia kutafuta wakubwa, majenerali na makamanda waliotajwa magazetini. Si vibaya. Lakini kamanda wa brigedi alikuwa na maelfu ya watu, na luteni mmoja kwake ni jina kwenye taarifa. Wanaomjua luteni ni watu wa platuni yake, na wengi wao mwaka ule walikuwa wanamgambo: wakulima, makuli, karani wa ushirika. Hawana nishani wala hawaalikwi popote. Wangu nilimpata kwenye kumbukumbu ya Siku ya Mashujaa wilayani, amekaa mstari wa nyuma kabisa, koti la suti juu ya kanzu. Nilimtajia jina la baba mdogo, safari hii nikaanza na neno luteni. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wewe ni wa kaka yake, yule wa bati?"

Siku ya kwanza kwenda nyumbani kwake niliharibu. Nilifika na maswali kwenye karatasi, nikaweka simu mezani irekodi, na hata chai haijapoa nikamuuliza alikufaje. Mzee akainuka, akaenda kuangalia mbuzi wake, hakurudi kukaa. Nilirudi baada ya miezi miwili bila karatasi na bila simu, nikamwamkia, nikauliza mvua. Kisha nikauliza walikuwa wanakula nini. Akasimulia chakula saa nzima, akasimulia matope, akasimulia jinsi walivyotembea kwa miguu kutoka Mutukula, na jinsi baba mdogo alivyokuwa mkali. Alisema aliwahi kumzaba kofi mwenzao aliyelala lindo, mbele ya platuni nzima, kisha usiku ule lindo akalisimamia mwenyewe. Mara ya tatu ndipo mzee akafika Lukaya bila kuulizwa na mtu. Kwa hiyo, kwa mwenye kumbukumbu za vita, uliza viatu, uliza chakula, uliza nani alikuwa anaimba vizuri. Kifo atakileta yeye akiwa tayari, na asipokileta, mwache nacho.

Lukaya ni mji mdogo katika barabara ya Masaka kwenda Kampala, na mbele yake ni kinamasi. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona mapigano, ilishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Maroketi mengi yalipita juu, lakini mlio wake mtu mgeni hauvumilii. Watu wakavunja mistari, wakakimbilia kinamasini na nyuma barabarani. Brigedi ya 208, iliyokuwa imetangulia mbali, ikaamriwa igeuke usiku ule ule, na alfajiri ya tarehe 11 adui akabanwa kutoka pande mbili akasambaratika. Historia inayakumbuka zaidi mashambulizi ya alfajiri, na ni haki yake. Baba mdogo alikufa kabla ya hapo, ndani ya ule usiku wa kukimbia.

Mzee anasema giza lilikuwa zito, na baba mdogo alipita kandokando ya kinamasi akiwaita kwa majina. Hakuita "askari, rudini". Aliita jina moja, akangoja, akaita la pili. "Ukisikia jina lako gizani, mwanangu, unajibu tu. Mdomo unajibu wenyewe." Walioitika aliwakalisha nyuma ya tuta la barabara. Walikuwa wamefika 19 kombora lilipotua karibu. Alfajiri 19 hao wakaingia kwenye mapigano chini ya sajini. Wakati anaita jina la ishirini, mzee huyu alikuwa majini hadi kifuani, na jina lililokuwa linaitwa lilikuwa lake.

Nilipoleta habari hii nyumbani, pakawa na mzozo mkubwa. Baadhi ya wazee wetu walisema niache neno kukimbia. Watu watasema platuni ya mtoto wetu ilikimbia. Mwingine akataka kofi litoke, marehemu hasemwi vibaya. Nimewasikiliza kwa heshima, na nimeandika vyote viwili. Ukiondoa kukimbia kwa wale vijana, huwezi kueleza alikuwa anafanya nini pale kinamasini. Ukiondoa kofi, huwezi kueleza kwa nini mtu aliyezabwa kofi lile alikuwa wa nne kuitika. Kifaru chetu cha kubuni kilikuwa kinatuficha kitu kikubwa kuliko kifaru. Kama una wazee wanaokuzuia, usiwavunjie heshima, lakini andika toleo kamili, weka tarehe na jina la aliyekusimulia, ulihifadhi. Watoto watakaokuja kuliomba watalikuta.

Kuna mlango mmoja ambao wengi huuogopa, wa mwanamke aliyeachwa. Baba mdogo alikuwa na mchumba. Posa ilishapelekwa. Baada ya msiba, alikaa, kisha akaolewa na mtu mwingine, akazaa, sasa ni bibi. Kwetu hakutajwa tena. Sikwenda mwenyewe. Nilimwomba shangazi, naye akampelekea salamu kwanza kupitia binti yake mkubwa, tukangoja jibu wiki tano. Alikubali tuje mchana, mume wake akiwepo, na mume ndiye aliyetukaribisha ndani. Bibi yule alituambia mambo mawili tu. Kwamba baba mdogo alikuwa hawezi kupita penye kitu kilichopinda, kiwe ni kitambaa cha meza au mstari wa miche, mpaka akinyooshe. Na kwamba alikuwa muoga wa mbwa. Miaka zaidi ya arobaini tumemtukuza bila kujua kwamba alikuwa anaogopa mbwa! Shangazi alilia njia nzima ya kurudi, akisema huyo ndiye, huyo ndiye kabisa, nilikuwa nimemsahau.

Kaburi lake liko Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na wenzake wengi waliofia vita vile. Ukitaka kwenda, wasiliana mapema, kwa maana eneo ni la jeshi na huendi kama unavyokwenda sokoni. Sisi tulipokelewa vizuri, tukapewa kijana wa kutuongoza. Nitasema kidogo tu kuhusu pale. Makaburi yamepangwa safu kwa safu, yamenyooka, na nilimkumbuka yule bibi na kitambaa chake cha meza. Wapeleke watoto. Wangu wa miaka tisa alihesabu safu nzima kwa kidole, kisha akauliza kama hawa wote walikuwa na kaka zao. Nilimjibu ndiyo, na sikuwa na la kuongeza.

Kwenye Siku ya Mashujaa sasa tunafanya tofauti. Redio bado tunaisikiliza, ila baada ya gwaride mtu mmoja anasoma barua moja, kila mwaka barua nyingine. Mwaka jana ilikuwa ile ya bati. Picha nimeishusha kutoka juu ya mlango, iko mahali ambapo mtoto anaweza kuishika, na nyuma yake nimebandika karatasi yenye cheo sahihi, kikosi, mahali na tarehe.

Mwaka huo huo wa jana tulimwalika yule mzee. Nilimletea daftari jekundu, nikamwambia kwamba haya ni majina ya platuni yenu, na hizi ni maksi zenu za shabaha. Alivaa miwani, akapitisha kidole taratibu kwenye ukurasa, akitaja jina na kusema yupi amekufa na yupi hajui aliko. Alipofika lake akasimama.

"Hizi si shabaha," alisema. "Hizi ni namba za viatu. Mgambo tulifika wengine na kandambili. Alitupima yeye mwenyewe, mguu mmoja mmoja, kwa kamba."

Mbele ya jina lake paliandikwa 7. Mzee alicheka kidogo, akavua miwani.

"Mimi navaa nane. Nane zilikuwa zimekwisha, akaniambia nivumilie, mzigo ujao atanitafutia. Zilinibana mpaka Kampala."