Kamera Imeonyesha Tumbo Safi, Damu Inatoka Wapi?

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: mumewe anapata choo cheusi kama lami, dalili ya damu tumboni, kamera ya tumbo haikuona kidonda, wamerudishwa nyumbani na dawa za asidi. Dada yangu, hayo yamepita mwilini mwangu.

Mimi nilianza na kongosho. Lilivimba vibaya, nikalazwa, nikapona, nikajua yamekwisha. Baadaye yakaja maumivu juu ya kitovu, yanapenya hadi mgongoni, kisha choo cheusi, kisha kimya. Maumivu yalipanda, damu ikitoka yakapoa, halafu yakaanza upya. Niliposema mambo haya yana mpangilio, daktari mmoja akacheka, akaniambia niache kujisomea udaktari kwenye simu. Kicheko kile sijakisahau, wala sijitahidi kukisahau.

Aliyeniokoa ni daktari mwingine, kijana. Aliniuliza: "Umewahi kuugua kongosho?" Basi. Ateri inayopeleka damu kwenye bandama hupita ukingoni mwa kongosho. Kongosho likivimba, vimeng'enya vyake, yaani majimaji yake ya kusaga chakula, hula ukuta wa mshipa, ukuta unatuna, na damu inaweza kupenya kwenye mrija wa kongosho hadi utumbo mwembamba. Damu hiyo hutoka na kukatika, kwa hiyo kamera ikipita siku imetulia haioni kitu. Nikapigwa CT ya mishipa, ile ya kuchomwa dawa inayoonyesha njia za damu, na uvimbe ukaonekana waziwazi. Wakapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wakauziba kwa vikoili, yaani viwaya vya madini vilivyojikunja. Sikupasuliwa! Na mpangilio wangu, kumbe, ulikuwa wa kweli.

Kwa hiyo, ndugu zangu, semeni historia zenu. Uliwahi kuugua kongosho? Sema. Uliumia tumbo kwenye ajali? Sema. Una ugonjwa wa ini? Sema, usingoje kuulizwa. Kamera ikiwa safi na damu inaendelea, uliza kuhusu mishipa. Ukijibiwa vibaya, uliza tena. Mwili ni wako, na aliyechoka kukusikiliza hatatokwa damu kwa niaba yako. Ila ukitapika damu, ukizimia au ukitokwa na jasho la baridi, acha maswali, kimbilia dharura.

Akina mama nawasisitizia zaidi. Kuna uvimbe wa ateri hiyohiyo usiotokana na kongosho, na wanawake huupata takriban mara 4 kuliko wanaume. Mara nyingi hauumi. Huonekana kwa bahati katika kipimo cha jambo jingine. Ukipasuka, damu inaweza kuzuiwa kwa muda nyuma ya tumbo la chakula, mgonjwa akaonekana ametulia, kisha ikamwagika yote. Ujauzito huongeza hatari hiyo. Kwa wengi, madaktari huanza kufikiria matibabu uvimbe ukifika sentimita 2 hadi 3, lakini kwa mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba hushauri utibiwe hata ukiwa mdogo. Ukiambiwa unao, usiondoke pale kabla hujasema kama unatarajia kuzaa.