Kabla ya kutia majivu ya pumba kwenye zege

Ubaruku, Igurusi, Chimala, huku Mbarali mkoani Mbeya: karibu kila mashine ya kukoboa mpunga ina lundo la pumba nyuma yake. Nyingine huchukuliwa kuchomea matofali, nyingine huwashwa moto ili nafasi ipatikane, kisha majivu yanachukuliwa na upepo. Inatuuma kuyaona yakipotea. Yakichomwa kwa moto wa kadiri na kusagwa vizuri, yanashika nafasi ya asilimia 15 ya saruji, na saruji ndiyo inayochafua hewa kuliko kitu kingine chochote ndani ya zege. Kila kilo ya saruji tupu huacha angani takriban kilo 0.8 ya kaboni dayoksaidi, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yanapochomwa.

Usinunue chochote kabla ya kusoma mfuko wa saruji. CEM I ni saruji tupu. CEM II/B-P tayari ina asilimia 21 hadi 35 ya pozolana, yaani majivu au mawe ya volkano, na CEM IV inaweza kufika asilimia 55. Herufi V ni majivu mepesi ya makaa ya mawe, L ni mawe ya chokaa. Silika, madini yaliyomo kwenye majivu, haigandi yenyewe; hula chokaa ambayo saruji huitoa inapokutana na maji. Mfuko uliokwisha kuchanganywa hauna chokaa ya kutosha kulisha majivu mengine. Ukiwa na CEM IV au B-P, itumie ilivyo. Haya yanayofuata ni ya CEM I, au CEM II/A (iliyochanganywa kidogo) yenye alama ya nguvu 42.5.

Kazi kubwa iko kwenye moto. Unataka nyuzi 500 hadi 700. Chini ya hapo majivu hubaki meusi, yamejaa kaboni, nayo hunywa maji ya zege. Juu ya 800 kwa muda mrefu, silika hugeuka fuwele na haifanyi kazi tena. Ndiyo maana majivu ya katikati ya tanuri la matofali hatuyaamini, hata yakiwa meupe kama unga wa sembe. Tumia pipa la lita 200 lililotobolewa pembeni, lenye bomba la matundu katikati ya kupitisha hewa. Washa juu, moto ushuke taratibu wenyewe, usikoroge. Gizani makaa yawe mekundu yaliyofifia. Yakiwa ya rangi ya chungwa, moto umezidi, punguza hewa. Ganda lililoungua sawasawa hubaki na umbo lake la mtumbwi, la kijivu kisichokolea, na ukilibana kwa vidole linasambaratika papo hapo.

Kilo 100 za pumba hutoa kama kilo 20 za majivu. Kwa sakafu ya mita 20 za mraba, unene sentimita 10, utahitaji karibu kilo 95 za majivu, sawa na pumba za magunia 24 ya mpunga ya kilo mia.

Kusaga hakukwepeki. Makarasha ya dhahabu ya Chunya yanasaga vizuri sana, lakini usitumie lililosagia mawe ya dhahabu: zebaki na salfa hubaki ndani. Tengeneza dogo lako, la pipa na vyuma vya duara. Saga mpaka unga ulainike kama poda ya mtoto. Ukihisi mchanga vidoleni, rudisha. Vaa barakoa muda wote. Vumbi hili huharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Kisha yapime. Changanya majivu sehemu mbili na chokaa iliyozimwa sehemu moja kwa uzito, tia maji kidogo upate donge zito, lifunge kwenye nailoni na liweke karibu na jiko wiki mbili. Baadaye litumbukize kwenye maji. Likibaki gumu, endelea. Likimeguka na kuwa tope, majivu hayo yapeleke shambani.

Mchanganyiko wetu: mfuko mmoja wa kilo 50, majivu kilo 9, mchanga ndoo 4 za lita 20, kokoto ndoo 8, maji lita 30 yakipungua hadi 26 hivi mchanga ukiwa mbichi. Majivu yapime kwa mizani. Ni mepesi mno, na ndoo itakudanganya. Yachanganye na saruji yakiwa makavu mpaka rangi iwe moja, usione mistari. Zege litakuwa zito kusukuma, na fundi ataomba maji. Usimpe. Tumia dawa ya kulainisha zege kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya ziada ndiyo huvunja zege la majivu mara nyingi kuliko majivu yenyewe.

Baridi ya nyanda zetu nayo ina neno lake. Zege hili hukaza polepole siku za mwanzo, na Juni na Julai linachelewa zaidi, hasa Makete na Njombe ambako sakitu hushuka. Mimina asubuhi, funika kwa turubai na magunia kabla jua halijazama, mwagilia siku 14 badala ya 7. Tofali usizibebe kwenye gari kabla ya wiki tatu.

Sakafu, tofali na zege la chini ya msingi, anza nazo. Nguzo, mikanda na slabu zisubiri: tengeneza vipande vya sentimita 15 kila upande, sita vyenye majivu na sita visivyo nayo, uvipeleke maabara vivunjwe, nusu siku ya 7 na nusu siku ya 28. Siku ya 7 vyenye majivu vikiwa nyuma kidogo, usishtuke. Siku ya 28 vikiwa bado nyuma sana, rudi kwenye pipa uangalie moto wako.