Spika Hukatika Mlango Unapofungwa: Je, Nibadilishe?

SWALI: Gari langu la umeme lina umri wa miaka 11. Spika ya mlango wa dereva hukatika na kurudi ninapofungua au kufunga mlango, na ya upande wa pili hukwaruza besi inapopanda. Nataka kubadilisha zote mbili na kuongeza amplifaya, ila nahofia gari litapungukiwa na umbali linaokwenda kwa chaji moja.

JIBU: Usinunue kitu bado. Spika inayokatika kwa kufuata mwendo wa mlango mara nyingi ni nzima. Kibovu ni waya unaopita ndani ya mpira ulioko kati ya mlango na bodi, kwa kuwa hujikunja kila mlango unapofunguliwa, na hatimaye nyuzi zake za shaba hukatika ndani ya ganda ambalo kwa nje halina hata mkwaruzo. Chomoa soketi ya spika, kisha pima spika yenyewe kwa multimita (kipima umeme) upande wa omu, yaani kipimo cha ukinzani: ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Ikisoma hivyo, shughulika na waya.

Ile inayokwaruza, bonyeza koni yake polepole kwa vidole vya mikono yote miwili. Ukisikia msuguo, koili inagusa sumaku na spika imekwisha. Usiposikia, kagua ukingo wa koni kama umechanika, na vibanio vya jalada la mlango kama vimelegea. Gari lisilo na mngurumo wa injini halifichi mtikisiko hata mdogo.

Ukinunua mpya, tazama usikivu wake kwa desibeli, yaani inavyotoa sauti kubwa kwa nguvu ileile, kabla ya wati zilizoandikwa kwenye boksi, kwani desibeli 3 za ziada ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. Omu zisipungue zile ambazo redio yako inaruhusu.

Kuhusu umbali, ondoa hofu: muziki unaotumia wastani wa wati 50 kwa saa nzima humaliza uniti 0.05, ambazo zingelisogeza gari mita 300 hivi. Tatizo halisi ni betri ndogo ya volti 12, ambayo ndiyo italisha amplifaya. Ukisikiliza muziki kwa muda mrefu gari likiwa limezimwa, betri hiyo huisha bila kujazwa, na gari halitawaka hata kama betri kubwa imejaa, kwa sababu swichi zinazoiunganisha betri kubwa hutegemea hizo volti 12. Fyuzi ya amplifaya ikae karibu na betri hiyo ndogo, na nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba umeme wa hatari wa betri kubwa, usiziguse kamwe.